Kisu cha Kufuliwa kwa Mkono: Kinga na Mpini wa Fremu Vinavyotengenezwa

Visu vingi vinavyouzwa sokoni huharibikia mahali pamoja, pale bapa linapokutana na mpini. Makali yanaweza kunolewa mwaka baada ya mwaka, lakini mpini ukianza kucheza, kisu huwa hatari mkononi. Mtu anayepasua mbuzi husukuma kwa nguvu, ncha ikagonga mfupa na kukwama, na mkono uliolowa mafuta ukateleza mbele hadi kwenye makali. Jeraha la namna hiyo hukata kano za vidole. Kano ya kukunja kidole ikikatika kabisa haijiungi yenyewe; huhitaji upasuaji, na mkulima au mchinjaji anaweza kubaki na kidole kisichokunjika maisha yake yote.

Fundi wa jua kali anaweza kuzuia mambo hayo mawili, kuteleza kwa mkono na kucheza kwa mpini, kwa vifaa alivyo navyo tayari kibandani. Kinachohitajika ni kinga iliyoingizwa kwa kukazana mbele ya mpini, na mpini uliojengwa juu ya fremu ya chuma. Kazi hii haitaki mashine ya bei ghali. Inataka tupa nzuri, jiriwa isiyoyumba na subira.

Sime ya Kimaasai, ambayo wakazi wengi wanaifahamu, haina kinga, na mpini wake hufunikwa kwa ngozi. Hilo si kosa la mhunzi. Sime ni ya kufyeka, na katika kufyeka mkono hausukumwi kuelekea kwenye makali. Shida huanza pale umbo hilohilo linapotumika kwa kisu cha kuchoma na kuchuna. Hata njia ya kawaida ya kutia mpini, ya kupasha msuka moto mpaka uwe mwekundu na kuusukuma ndani ya mti, ina kasoro yake. Msuka huacha tundu lenye kuta za makaa, na makaa hupukutika kadiri kisu kinavyotumika. Baada ya misimu michache mpini huanza kuzunguka. Noleo, yaani pete ya chuma inayovikwa mdomoni mwa mpini, huzuia mti usipasuke lakini haizuii msuka usicheze.

Chuma na moto

Mafundi wengi hutumia springi za magari, na ni chaguo zuri. Chuma cha springi huwa na kaboni ya kiasi cha asilimia 0.6, kiwango kinachotosha kukifanya kikaze bila kuwa chepesi kuvunjika. Nondo za ujenzi na mabomba hayafai: mengi yana kaboni kidogo, hupindika na hayashiki makali. Tahadhari ni moja tu. Springi iliyofanya kazi miaka mingi barabarani inaweza kuwa na nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, hasa karibu na tundu la bolti na mahali ilipokatikia. Fundi mwangalifu hutupa sehemu hizo na kutumia vipande vya katikati.

Chuma hufuliwa kikiwa na rangi ya chungwa. Kikirudi kuwa chekundu cha kufifia kinarudishwa motoni, kwa sababu kukigonga kikiwa baridi huzaa nyufa. Umbo likishapatikana, kisu hupashwa moto mpaka sumaku isikishike tena, kinazidishiwa moto kidogo, kisha kinaachwa kipoe polepole hewani. Hatua hiyo hurudiwa mara tatu ili kutuliza chuma. Tundu la pini kwenye msuka hutobolewa wakati huu, kabla ya kukazwa. Fundi anayelisahau huvunja keekee mbili tatu baadaye.

Kukaza hufanywa kwa mafuta, wala si kwa maji. Chuma cha springi kikizamishwa majini hupasuka kwa urahisi. Mafuta ya kupikia yaliyopashwa kiasi, kama nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi, yanatosha, na ni bora kuliko oili chafu ya injini ambayo moshi wake una sumu. Chombo kiwe cha chuma na kifuniko kiwe karibu. Mafuta yakishika moto hufunikwa. Hayamwagiwi maji hata kidogo. Baada ya hapo tupa ikipitishwa kwenye makali huteleza bila kukwaruza, ishara kwamba chuma kimekaza. Lakini katika hali hiyo kisu kinaweza kuvunjika kikianguka sakafuni. Huingizwa kwenye oveni ya nyuzi 200 kwa saa mbili, kikapoa, kikarudishwa tena saa mbili. Kikisuguliwa, uso wake huonyesha rangi ya majani makavu. Kuanzia hapo greinda itumike kwa hadhari na maji yawe karibu: makali yakigeuka buluu, ugumu uliotafutwa umepotea mahali hapo.

Kinga

Sehemu hii ndiyo inayotenganisha kazi safi na kazi ya haraka. Kinga hukatwa kutoka bamba la shaba ya manjano au chuma cha kawaida, unene wa milimita 6 hivi. Kwanza mabega ya kisu, pale bapa linapopungua kuwa msuka, hupigwa tupa mpaka yawe sawa pande zote mbili na yasimame wima kwa msuka. Bega moja likiwa juu ya jingine hata kwa unene wa karatasi, kinga itakaa upande.

Kisha hutobolewa mstari wa matundu katikati ya kinga. Ikiwa msuka una unene wa milimita 5, keekee iwe ya milimita 4.5, ili ibaki nafasi ya kupiga tupa. Matundu huunganishwa kwa tupa nyembamba, na hapo kazi huenda polepole: sugua kidogo, jaribu, tazama panapogusa, sugua tena. Wengine hupaka msuka wino wa kalamu ili alama zionyeshe panapokwama. Kinga haipaswi kufika mabegani kwa kusukumwa na vidole. Inatakiwa ikwame ikiwa imebakisha kama sentimita moja, halafu iteremshwe kwa kugongwa na bomba lenye mdomo mpana, kisu kikiwa kimebanwa kwenye jiriwa kati ya vipande vya mbao. Ikifika mahali pake, kisu huinuliwa kuelekea dirishani. Mwanga ukipenya kati ya kinga na bapa, kinga hiyo imeharibika na fundi akate nyingine.

Wapo wanaoziba mwanya huo kwa gundi au risasi ya kulehemu na kuupaka rangi. Huo ni ujanja wa kibiashara. Damu na maji ya nyama hupita polepole, kutu huanza kula msuka ndani kwa ndani, na mwenye kisu hujua siku bapa linapokatika mkononi.

Ukubwa wa kinga usizidishwe. Kwa kisu cha nyumbani au cha shambani, kutokeza kwa milimita 5 au 6 upande wa makali kunatosha kuzuia kidole cha shahada. Kinga ndefu za mapambo huzuia kisu kisilale vizuri kwenye ubao wa kukatia.

Mpini wa fremu

Katika mpini wa kawaida mti hutobolewa ili msuka uingie. Katika mpini wa fremu hakuna kutoboa kwa kubahatisha. Bamba la chuma au shaba lenye unene sawa na msuka hukatwa kwa umbo la mpini ukitazamwa ubavuni, kisha katikati yake huchongwa nafasi yenye umbo kamili la msuka, ikiwa wazi upande wa mbele. Msuka huingia humo kama ulimi mdomoni, ukizungukwa na chuma juu, chini na nyuma. Vibao viwili vya mti au pembe hufunika pande mbili. Mpini ukikamilika, ukingo wa fremu huonekana kama mstari wa chuma unaouzunguka wote.

Faida yake ni kwamba kila kiungo kinaonekana na kupimwa kabla ya kufunikwa. Mdomo wa fremu hupigwa tupa mpaka ukae bapa kabisa nyuma ya kinga. Misumari miwili midogo iliyofichwa kati ya fremu na kinga huzuia mojawapo isisogee. Fremu na msuka hulazwa juu ya msasa uliowekwa kwenye kioo na kusuguliwa pamoja, ili vibao vipate uso mmoja ulionyooka. Pini moja ya milimita 3 hupita katika kibao, msuka na kibao cha pili. Nyingine hupita katika fremu. Matundu hutobolewa vyote vikiwa vimebanwa pamoja.

Gundi ya epoksi ndiyo hufunga, lakini haishiki penye mafuta. Nyuso zote hufutwa kwa spiriti na hazishikwi tena kwa vidole. Kosa la kawaida ni kukaza jiriwa kupita kiasi: gundi yote hukamuliwa nje na vibao hubandukia msimu wa jua. Kubana kwa wastani na kusubiri siku nzima kunatosha. Pini hugongwa kidogo kichwani, na mpini huchongwa kwa umbo la yai badala ya duara. Mkono ulioshika mpini wa umbo la yai hujua makali yako upande gani hata gizani.

Kibao kikipasuka baada ya miaka, pini hutobolewa, vibao vipya vikabandikwa, na bapa, kinga na fremu hubaki vilevile.

Kwa vibao, mabaki ya mbao ngumu na kavu kutoka karakana za samani yanafaa, vivyo hivyo pembe na mifupa ya ng'ombe kutoka machinjioni, iliyochemshwa na kukaushwa miezi kadhaa. Pembe za ndovu, za kifaru na za wanyamapori wengine haziguswi: kuwa nazo bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013. Mpingo nao umo katika orodha ya CITES tangu 2017, kwa hiyo kuuza mpingo nje ya nchi kunaweza kuhitaji vibali. Anayesugua pembe au shaba avae barakoa, maana vumbi lake huumiza mapafu.

Anayenunua

Mnunuzi anaweza kukagua kisu kwa dakika moja. Akishike bapa kwa kitambaa na kuusokota mpini. Usisogee wala kutoa sauti. Akielekeze kwenye mwanga atazame kati ya kinga na bapa. Apitishe ukucha kwenye maungio ya fremu na vibao; ukucha usinase. Agonge mgongo wa kisu polepole juu ya mbao na kusikiliza: mlio mkavu wa kutikisika humaanisha kuna kitu kimelegea ndani. Kwa wenye bucha, ni vyema kujua kwamba mti hunyonya majimaji hata ukitengenezwa vizuri namna gani. Kisu cha kazi ya kutwa nzima katika bucha ni afadhali kiwe na mpini wa plastiki usio na maungio, na hiki cha fremu kibaki cha nyumbani na shambani.

Fundi anayetaka kuuza bidhaa hii anahitaji leseni ya biashara, inayotolewa na serikali ya kaunti. Vijana wanaotaka kujifunza kazi za vyuma wanaweza kuuliza katika vyuo vya ufundi vilivyo chini ya kaunti. Kwa waliojifunzia kibandani bila cheti, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, huwatahini mafundi kuanzia Gredi ya 3 hadi ya 1.

Kisu kikishanunuliwa kisafirishwe kikiwa ndani ya ala na kufungwa kwenye mzigo. Kuwa na silaha ya hatari katika mkutano wa hadhara au maandamano ni kosa chini ya Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, na kisu chenye ncha na kinga ni vigumu kumweleza afisa wa polisi mahali kama hapo kuwa ni cha jikoni.