Tangazo la nyumba linaloaminika

Ukipita mitaa ya Mtwara mjini, huenda ukakuta ukuta umeandikwa kwa rangi: "Nyumba hii haiuzwi." Wenyewe huandika hivyo kwa kuogopa nyumba isiuzwe na ndugu mmoja kwa siri, au na tapeli anayejiita dalali. Maandishi hayo yanatufundisha jambo: mnunuzi huanza na mashaka. Tangazo zuri ni lile linaloyaondoa.

Kwanza, dalali ahakikishe muuzaji ana haki ya kuuza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mume au mke apate ridhaa ya mwenzake kabla ya kuuza nyumba wanayoishi kama wanandoa. Nyumba ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi. Ikiwa ni kijijini, kama Msimbati, halmashauri ya kijiji ihusishwe. Ukishajiridhisha, taja kwenye tangazo nyaraka zilizopo.

Pili, sema vitu vinavyopimika. "Nyumba kali, karibu na bahari" haimsaidii mtu aliye Newala. Afadhali uandike hivi: "Nyumba ya vyumba 3, Mikindani, dakika 10 kwa miguu kutoka barabara ya lami. Umeme upo, maji ya kisima, hati ipo. Paa linahitaji ukarabati." Kisha weka bei. Picha zipigwe mchana, zionyeshe pia choo na njia ya kuingilia. Kasoro ikitajwa mapema, mnunuzi hapotezi nauli, nawe hupotezi siku.

Tatu, usiuze matumaini. Miaka ya 2012 na 2013, habari za gesi ziliwafanya wengi wakimbilie viwanja Mtwara. Bomba la kwenda Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015, lakini neema iliyotarajiwa haikumfikia kila aliyenunua. Tangaza kilichopo leo.

Nne, angalia msimu. Minada ya korosho huanza Oktoba, na malipo yakiingia, wakulima wengi hufikiria kujenga au kununua. Hapo ndipo tangazo la redioni, la WhatsApp au la kibao barabarani hupata wasikilizaji.

Nawe unayetafuta nyumba, tangazo likikosa bei, mahali au nyaraka, piga simu uulize kabla ya kupanda bodaboda. Na usitoe hata shilingi ya kushika nyumba kabla hujaiona na kuongea na mwenyewe.