Kustahimili ukame si kuzaa: mbono wa India wakosa soko

Wakulima wa nyanda kame za India, hususan majimbo ya Rajasthan na Gujarat, kwa miaka mingi wamekuwa wakihimizwa kupanda mazao ya aina mbili katika ardhi duni: mimea ya dawa na mimea ya mafuta ya injini. Matokeo sokoni yametofautiana sana, na sababu zake zinamhusu kila mkulima anayeshawishiwa kuingia katika zao jipya.

Magharibi mwa Rajasthan mvua kwa kawaida haizidi milimita 400 kwa mwaka. Kwa ajili ya maeneo kama hayo, India ilianzisha taasisi ya utafiti wa nchi kame, CAZRI, mjini Jodhpur mwaka 1959.

Mwaka 2003 Tume ya Mipango ya nchi hiyo ilipendekeza mbono uwe zao la dizeli. Huu ni mti uleule ambao Afrika Mashariki hupandwa kuwa ua na huitwa pia mbono kaburi. Lengo lilikuwa kuchanganya asilimia 20 ya mafuta ya mimea katika dizeli ifikapo 2011/12, kazi iliyohitaji zaidi ya hekta milioni 11.

Hesabu hiyo ilitangulia utafiti. Mbono ulikuwa bado mti wa porini, usio na mbegu bora zilizothibitishwa. Katika ardhi kavu miti mingi haikufa, lakini ilizaa kidogo. Mafuta ni kama theluthi moja tu ya uzito wa mbegu, hivyo lita moja huhitaji kilo tatu hadi nne. Matunda hayaivi kwa pamoja, na mchumaji hulazimika kurudi mara kadhaa. Mashudu nayo yana sumu, hayafai kulishwa mifugo bila kusafishwa kwanza. Gharama zote hizo zilipaswa kushindana na bei ya dizeli ya kawaida.

Sera ya mwaka 2009 ilisogeza lengo la asilimia 20 hadi 2017. Sera ya 2018 ililishusha hadi asilimia 5 ifikapo 2030. Nchini Tanzania, mashamba makubwa ya mbono yaliyoanzishwa Kisarawe na Kilwa katika wimbi hilohilo nayo hayakudumu.

Kwa upande wa mimea ya dawa hali ni tofauti. Isabgoli, mmea mdogo ambao maganda ya mbegu zake huvimba majini na hutumika kutibu kufunga choo, hupandwa Oktoba na Novemba na kuvunwa Februari na Machi. Mkulima hupata fedha msimu huohuo. Soko lake kubwa liko Unjha, Gujarat, na Marekani ni mnunuzi mkubwa. Maganda ni kama robo ya uzito wa mbegu, na kiini kinachobaki hulishwa ng'ombe. Hatari yake ni mvua wakati wa kukomaa, kwani hata manyunyu huweza kupukutisha mbegu zote.

Sanamaki nayo huvumilia ukame, na mifugo huiepuka. Wanunuzi hupima kiwango cha dawa kilichomo katika majani na maganda yake, hivyo mtafiti anajua sifa ya kutafuta katika mbegu.

Hata hivyo, soko zuri bila kilimo nalo lina hasara. Mguguli, mti wa jamii moja na ule utoao manemane, umegemwa utomvu porini kwa mikato mirefu hadi miti mingi ikafa. Sasa umo katika orodha ya kimataifa ya mimea iliyo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Somo kwa mkulima na mwekezaji ni kwamba mmea kuishi katika ukame si hoja ya kutosha. Kabla ya kutoa shamba, yafaa kuuliza mambo manne: hekta moja imetoa kilo ngapi katika mvua kama ya hapo, nani ananunua leo, anapima sifa ipi, na masalia yanafaa kwa nini. Pasipo majibu ya shambani, ni busara kuanza na ua, si shamba zima.