DevOps: Mtayarishaji programu aanze kwa kuijua seva

KAMPUNI ya Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa ikifanya biashara ya hisa kwa tarakilishi, ilipoteza zaidi ya dola 440 milioni kwa dakika 45 pekee mnamo Agosti 1, 2012.

Kiini cha hasara hiyo kilikuwa kidogo mno. Fundi aliyekuwa akiweka programu mpya katika seva nane aliiweka katika saba, akasahau moja. Hakuna mwenzake aliyekagua kazi hiyo, wala hapakuwa na utaratibu ulioandikwa wa kuwalazimu kufanya hivyo. Katika seva iliyosahauliwa, kipande cha programu kilichoacha kutumiwa tangu 2003 kikafufuka na kumimina maagizo ya hisa sokoni.

Balaa za aina hiyo ndizo wahandisi wa DevOps huajiriwa kuziepusha. Jina hilo huunganisha maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya utayarishaji wa programu na uendeshaji wa mitambo. Kwa miaka mingi makundi haya mawili yalivutana: watayarishaji wakitaka mabadiliko kila mara, nao waendeshaji wakiyaogopa, kwa kuwa ndio walaumiwao mitambo inapozimika. Mwaka wa 2009, Patrick Debois wa Ubelgiji aliitisha mkutano jijini Ghent kujadili namna ya kuyapatanisha, na jina likaenea kuanzia hapo.

Kwa kijana aliyekwisha kufuzu katika utayarishaji programu, mlango wa taaluma hii uko wazi kuliko anavyodhani. Tayari anaifahamu Git, chombo alichobuni Linus Torvalds mwaka wa 2005 cha kuhifadhi kila badiliko la programu. Anaweza kuandika skripti kwa lugha ya Python na kuisoma kazi ya mwenzake. Wengi wanaotoka upande wa seva hujifunza hayo ukubwani, tena kwa taabu.

Asichokijua ni yale yanayoipata programu baada ya kutoka mikononi mwake. Hapa ndipo wengi hupotea. Hukimbilia Kubernetes, mfumo uliotolewa na Google mwaka wa 2014 wa kuendesha programu katika seva nyingi kwa pamoja, kwa sababu tu hutajwa katika matangazo ya kazi. Huko ni kuezeka nyumba isiyo na kuta.

Afadhali achukue programu yake mwenyewe, hata kama ni ya kuweka hesabu za duka la mtaani, aiweke kwa mkono katika seva ndogo ya Linux ya kukodi au tarakilishi kuukuu. Atakumbana na faili zinazokataa kufunguka, anwani ya tovuti isiyopatikana na diski iliyojaa. Akishayazoea hayo, aiachie tarakilishi kazi hiyo: kila badiliko linapoingia katika Git, programu ijaribiwe, ikifaulu iwekwe kwenye seva zote bila mkono wa mtu, na ikileta hitilafu irejeshwe ile ya awali. Ni wakati huo ambapo Docker, iliyozinduliwa 2013, itamwelea, kwani hufunga programu pamoja na kila inachohitaji ili ifanye kazi vilevile popote.

Kisha aiharibu makusudi. Azime hifadhidata, halafu apime atachukua muda gani kugundua. Katika mkasa wa Knight Capital, baruapepe 97 zilizotaja hitilafu ziliwafikia wafanyakazi kabla ya soko kufunguliwa. Hazikushughulikiwa.

Kwa aliye kazini tayari, njia nyepesi ni kuomba jukumu ambalo wenzake hulikwepa, yaani kuweka matoleo mapya kwenye seva. Waajiri wengi hutaka mtu aliyewahi kufanya hivyo kwa mitambo inayotegemewa na wateja. Lakini ajue pia kwamba kazi hii ina zamu, na simu ya kumjulisha kuwa seva imezimika huweza kulia saa nane za usiku.