Kuwahesabu Chaza wa Ziwa Grevelingen

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na anayetaka kujua chaza wametandaa vipi katika ziwa Grevelingen, kusini-magharibi mwa Uholanzi, hana budi kuzama. Katika pwani ya Kenya, waokotaji wa chaza na kome husubiri maji yapwe, hususan wakati wa bamvua, wakatembea juu ya miamba iliyoachwa wazi. Grevelingen haina neema hiyo. Ni ziwa la maji ya chumvi ambalo maji yake takriban hayajai wala hayapwi.

Ziwa lenyewe ni zao la msiba. Mafuriko ya Februari 1953 yaliwaua watu 1,836 nchini humo, na Waholanzi wakaazimia kuziba milango ya bahari. Ukuta wa mashariki ulikamilika mwaka 1965, na ule unaoikabili bahari, Brouwersdam, mwaka 1971. Hori likageuka ziwa. Mwaka 1978 lango lilifunguliwa katika ukuta huo ili maji ya bahari yaingie tena, la sivyo chumvi ingezidi kufifia.

Wazamiaji hushuka wawiliwawili, wakiongozwa na kamba yenye alama iliyotandazwa kutoka ukingoni kuelekea kilindini. Kila baada ya umbali uliopangwa huweka chini fremu ya mraba, wakahesabu kila kombe lililomo ndani yake na kuandika kwa penseli juu ya kibao cha plastiki: kina, aina ya sakafu, idadi ya walio hai na ya waliokufa. Mahali pa kuweka fremu huamuliwa kabla ya kuzama. Chaza huishi kwa mafungu, wameshikamana na mawe, na jicho la binadamu hupenda kukimbilia penye wingi. Mzamiaji anayejichagulia mahali huhesabu matumaini yake mwenyewe.

Kwa nini basi usikokotwe wavu wa chuma kutoka mashuani? Wavu huruka mawe, nayo mawe ndiyo makao ya chaza. Isitoshe, huchanganya wazima na wafu. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Chaza akifa, kombe lake hubaki kwa miaka mingi, na sakafu iliyojaa makombe huweza kuwa makaburi matupu. Mkono wa mzamiaji hupambanua: aliye hai hujifunga kwa nguvu anapoguswa, ilhali mfu huachama, amejaa tope. Hata hivyo makombe matupu nayo huhesabiwa, kwani mabuu ya chaza huhitaji kitu kigumu cha kujishikiza. Wafugaji wa chaza wa huko hulijua hilo, ndiyo maana hutandaza makombe ya kome sakafuni.

Hesabu hii ina uzito kwa sababu ziwa lina maradhi yake. Wakati wa kiangazi, maji ya juu yenye joto hukaa kama kifuniko juu ya yale ya chini, na kwa kuwa hakuna maji kujaa na kupwa ya kuyakoroga, oksijeni huadimika vilindini. Wazamiaji hukuta utando mweupe wa bakteria juu ya tope jeusi. Chini ya utando huo makombe yameachama. Yaelekea ni kamba ile yenye alama inayoonyesha vyema kifo kinaanzia mita ya ngapi.

Tena hawahesabiwi chaza wa aina moja. Chaza bapa, mwenyeji wa Ulaya, aliangamizwa kwa wingi na baridi kali ya 1962 na 1963, na mwaka 1988 kimelea kiitwacho Bonamia kiligunduliwa miongoni mwa wale wa Grevelingen. Chaza wa Japani, aliyeletwa katika hori jirani la Oosterschelde mwaka 1964, ameenea kuliko ilivyotarajiwa. Wote wawili hukua juu ya jiwe lilelile, pengine mmoja juu ya mgongo wa mwenzake. Mzamiaji, hewa ya mtungi ikimpungukia, hupapasa umbo la kila kombe kabla ya kuandika: huyu ni bapa, huyu ni mgeni.