Loki iliyoifungua biashara ya makontena

Makontena yanapotajwa, sifa humwendea Malcom McLean, tajiri wa malori kutoka North Carolina. Aprili 26, 1956 meli yake, Ideal X, meli ya mafuta ya zamani iliyokarabatiwa, iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa na makontena 58 sitahani. Kupakia tani moja ya magunia na vifurushi kuligharimu dola 5.86. Kwa kontena zilitosha senti 16.

Sanduku lenyewe halikuwa geni. Reli za Uingereza na Marekani zilishalitumia kabla ya Vita Kuu ya Pili. Tatizo lilikuwa kulishika: kuli apande ngazi hadi juu, achomeke kulabu pembeni, ashuke, kreni ivute, kisha mwenzake apande tena kuzichomoa.

Aliyelitatua ni Keith Tantlinger, mhandisi wa kiwanda cha trela cha Brown mjini Spokane, ambaye McLean alimchukua. Makontena mawili ya kwanza yalipofika Baltimore, aliwakuta mabosi wakirukaruka juu ya paa kuona kama litabonyea. Halikubonyea.

Kwanza akabuni spreda, fremu ya chuma inayoshuka juu ya kontena na kunasa pembe zote nne kwa mkupuo. Mwendesha kreni anabonyeza swichi akiwa kibandani mwake. Kisha ikaja loki. Kila pembe ya kontena ina kipande kizito cha chuma chenye tundu ambalo urefu wake unazidi upana wake. Kichwa cha loki kinapenya humo, kinazungushwa nyuzi 90, kinakaa mkingamo na hakitoki tena. Loki za aina hiyo hufunga kontena kwenye trela, na kontena juu ya kontena melini.

Hataza ya loki hiyo ilikuwa mali ya kampuni ya McLean, Sea-Land. Wapinzani, kama kampuni ya Matson ya San Francisco, walikuwa na makontena ya vipimo vyao na vishikio vyao, kwa hiyo kreni ya huyu haikufaa kwa sanduku la yule. Tantlinger, wakati huo akiwa ameshahamia kampuni ya trela ya Fruehauf, akamshawishi McLean aiachie hataza hiyo, na mwaka 1963 ikaachiwa bure. Mfanyabiashara wa kawaida angemwona punguani. Lakini McLean alihitaji bandari nyingi ziweze kupokea makontena yake kuliko alivyohitaji ada ya hataza. Mwaka 1969 Sea-Land iliuzwa kwa R.J. Reynolds, na fungu la McLean likakaribia dola milioni 160.

Njia haikunyooka. Shirika la viwango la ISO lilikubali pembe za mtindo huo mwaka 1965, majaribio yakaonyesha ni dhaifu, zikasanifiwa upya London mwaka 1967. Maelfu ya makontena yaliyokwisha kuundwa yalibidi yabadilishwe pembe, kwa gharama ya wenyewe.

Huku kwetu, Mombasa na Dar es Salaam, makuli waliogoma mwaka 1947 walikuwa na nguvu kwa sababu hakuna mzigo uliotoka melini bila mikono yao. Leo spreda inanyanyua kontena la tani 30 bila mtu kuligusa.

Kwenye trela mambo ni tofauti: loki nyingi bado hufungwa kwa mkono. Dereva anayeondoka bandari ya Dar es Salaam kuelekea Tunduma bila kuzizungusha zote ameliacha kontena likae kwa uzito wake tu, na mbele yake kuna kona za mlima Kitonga.