Ukoo wa Kifua Kikuu cha Temeke

Mgonjwa anayehisiwa kuwa na kifua kikuu hutoa makohozi kwenye kikopo, akasubiri majibu. Kwa wengi habari huishia hapo. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wa Basel, Uswisi, hawakuishia hapo: kwa miaka sita walikusanya vimelea vya wagonjwa wa Dar es Salaam, wakiwamo wa Temeke, wakasoma jenomu 1,082, yaani maandishi yote ya kinasaba ya kila kimelea. Kila jenomu ina herufi zipatazo milioni 4.4.

Kimelea hiki hubadilika taratibu mno, herufi moja hivi kwa miaka miwili au mitatu. Ukihesabu tofauti kati ya vimelea vya wagonjwa wawili, unaweza kukadiria viliachana lini. Lakini mabadiliko hayaji kwa ratiba, na nasaba zinazoweza kuunganisha jenomu elfu moja hazihesabiki. Ndipo inapohitajika hoja ya Thomas Bayes, mchungaji Mwingereza aliyefariki 1761: anza na dhana, kisha irekebishe kila ushahidi mpya unapokuja. Daktari huitumia bila kuitaja: kikohozi cha wiki mbili humtia shaka, jasho la usiku huizidisha, majibu ya maabara huipandisha au huishusha. Kompyuta nayo hupitia nasaba moja baada ya nyingine, ikizipa uzito kwa kadiri zinavyokubaliana na ushahidi. Mwishoni haitaji mwaka mmoja. Hutaja kuanzia mwaka fulani hadi mwaka fulani. Wahariri hatulipendi jibu la namna hiyo. Binafsi naliamini zaidi.

Majibu yao, yaliyochapishwa 2023, yanashangaza. Ingawa wanasayansi wengi huamini kifua kikuu kilianzia Afrika, aina zinazotawala Dar es Salaam ziliingia nchini kutoka pande mbalimbali za dunia katika miaka 300 iliyopita. Jiji lenyewe Sultani Majid wa Zanzibar alianza kulijenga miaka ya 1860 tu! Aina inayoongoza, L3.1.1, ni ya ukoo wenye chimbuko Asia ya Kusini. Ungedhani imeenea kwa sababu ni kali kuliko nyingine. Sivyo: wagonjwa wake hawakuonekana kuzidiwa kuliko wengine. Ilifika mapema, na huambukiza kwa kasi.

Sasa wamegeukia jenomu za wagonjwa wenyewe, wakizilinganisha na za vimelea vilivyowashika. Hapo mtakwimu ana kibarua kizito, maana jozi za kupima, herufi ya mgonjwa kwa herufi ya kimelea, ni mamilioni kwa mamilioni, na nyingi zitaonekana kuhusiana kwa bahati tu.