Busta Ikizima Diff, Pesa Zako Ziko Wapi?

Simu ilikuja saa tatu usiku, namba siijui. Kumbe ni habo wangu, dadake mama, anayeuza mbuzi Diff, kule Wajir Kusini karibu na mpaka wa Somalia. Busta ya huko ilikuwa imezima siku ya tatu. Alikuwa amepanda lori hadi Habaswein, kabambe yake haina chaji, na hapo akaazima simu ya dereva.

"Habo," akaniambia (kwetu yeye na mtoto wa dadake huitana hivyo hivyo), "zile pesa za mbuzi zimeenda na busta?"

Zilikuwa KSh 34,000. Nilicheka kidogo, halafu nikaona aibu. Nafanya kazi kwenye kampuni ya malipo na sikuwahi kumweleza mtu wa kwetu jambo hili. Kaskazini Mashariki tumeona busta nyingi zikilipuliwa na al-Shabaab, kwa hivyo swali lake si la kijinga hata kidogo.

Busta haishiki pesa. Simu yako nayo haishiki, wala laini. Busta ni njia tu. Shilingi zenyewe ziko benki, kwenye akaunti ya amana, na kinachosema ngapi ni zako ni rekodi iliyo kwenye seva, mbali sana na Diff. Mbali kiasi gani? M-PESA ilianza Machi 2007, na hadi Aprili 2015 seva zake zilikuwa Ujerumani, ndipo zikahamishiwa Kenya. Yaani aliyetuma mia mbili kutoka Diff kwenda Garissa mwaka 2010, hesabu yake iliandikwa Ulaya.

Sasa, seva pia ni mashine. Inaungua, inaharibika, na fundi anaweza kukosea. Ndiyo maana kuna nakala ya akiba, bekapu kama mafundi wetu wanavyoiita. Mfugaji wa kwetu analielewa hili haraka: hakuna anayeacha mifugo yote malisho moja. Ngamia wako mbali, mbuzi wako nyumbani, wengine wako kwa mjomba. Machi 10, 2021 kituo cha seva cha kampuni ya OVH kiliungua mjini Strasbourg, Ufaransa. Baadhi ya wateja walikuwa na bekapu, lakini ilikuwa hapo hapo kituoni. Ikaungua pia.

Kuna nakala za aina mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza inafuata seva kuu kila sekunde: seva moja ikizima, nyingine inaendelea. Nzuri, ila fundi akifuta kitu kimakosa, nayo inafuta. Ya pili inachukuliwa kwa wakati fulani na kuwekwa kando, haiguswi. Hiyo ndiyo inakurudisha pale ulipokuwa kabla ya kosa. Na si salio peke yake linalonakiliwa. Lazima ubaki na orodha ya akaunti, mipangilio ya mfumo na funguo za siri zinazofungua data. Bila funguo, umehifadhi sanduku usiloweza kulifungua.

Halafu nakala inajaribiwa. Januari 31, 2017 fundi wa GitLab, kampuni inayotunza kazi za waandishi wa programu, alifuta data ya seva kuu kwa bahati mbaya. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi nakala na hakuna hata moja iliyofanya kazi inavyotakiwa. Waliokolewa na nakala moja iliyokuwa nyuma kwa saa sita, na kazi za hayo masaa zikaenda.

Basi nikamwambia habo atulie, pesa ziko. Akauliza, "Nikipoteza laini je?" Hapo ndipo mimi nikaacha kutulia, kwa sababu laini yake imesajiliwa kwa kitambulisho cha binamu yangu.

Wengi wetu tuko hivyo. Kwa miaka mingi watu wa kaskazini mashariki walipigwa msasa wa ziada kabla ya kupewa kitambulisho, hadi Rais Ruto alipotangaza kuuondoa akiwa Wajir, Februari 2025. Asiyekuwa na kitambulisho alitumia laini ya ndugu. Lakini seva inakumbuka jina lililoandikwa, na bekapu inalinakili jina hilo hilo kwa uaminifu mkubwa. Laini ikipotea, atakayepewa mpya ni binamu. Binamu akifariki, habo atakuwa anadai pesa zake kama mgeni.

Kama sasa una kitambulisho, mhame laini. Kwetu mwenye jina na mtumiaji wanakuja dukani pamoja, kila mmoja na kitambulisho chake halisi. Fanya hivyo wakati mnaelewana.

Lingine: meseji. Habo anaweka madeni ya wateja wake kwenye meseji za kabambe. "Niko na mbuzi wako wawili, nalipa Jumatatu." Hiyo haiko kwetu kwenye seva. Simu ikianguka kisimani, deni limeenda nayo. Anunue daftari. Miamala yenyewe usijali, sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha inatutaka tuitunze angalau miaka 7, kwa hivyo ukibishana na mtu kuhusu malipo ya mwaka juzi, omba stetimenti. PIN usiiandike kwenye hilo daftari, tafadhali. Ukiisahau tunakusaidia kuweka mpya, mradi kitambulisho ni chako.

Busta ilirudi siku ya tano. Habo alinitumia salio: 34,000 kamili. Binamu yuko Nairobi hadi mwezi ujao, kwa hivyo ile safari ya dukani Wajir bado haijafanyika. Nimemuwekea binamu nauli.